Datsun 240Z ya Ngamiani: kisa cha gari la spoti lililofufuliwa ili litembee

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, lililoachwa kwenye ghala la familia moja huko Ngamiani, Tanga, tangu enzi za namba za zamani. Mnunuzi ni mzee aliyestaafu bandarini, alikokuwa akiendesha tagi za kuvuta meli. Mjini wanamwita Nahodha, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kazi yangu ni kufundisha ufundi wa magari. Nilikuwepo gari likikaguliwa, likinunuliwa, likikatwa, likichomelewa na likiwashwa, na leo linatembea. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wapo wengi wenye gari moja la zamani wanalolitamani tangu utotoni, na wengi wao huziteketeza fedha zao mapema kabisa, kwenye kununua na kwenye kuamua kianze kipi.

Swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa fupi: unalitaka la kuliangalia au la kuliendesha?

"La kuliendesha, mwalimu," akanijibu. "La kuliangalia ningetafuta picha yake nikaitundika sebuleni."

Jibu hilo ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata. Gari la maonyesho hutafutiwa hadi bolti yenye alama ya kiwandani. Gari la kuendesha hutafutiwa breki inayoshika, rejeta inayohimili joto la Februari, na bodi ambayo haiyumbi dereva anapokata kona. Orodha hizi mbili hazifanani, wala hazigharimu sawa, na mtu akiziendesha zote mbili kwa mfuko mmoja, gari litaishia juu ya matofali.

Hamu yenyewe ilikuwa na historia. Nahodha alikuwa mtoto wa shule wakati Safari Rally ilipokuwa bado inavuka mpaka na kuingia Tanzania, na matokeo yake yakafuatiliwa redioni kama ya mpira. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hii kwa 240Z, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973, mwaka ule ule ubingwa wa dunia wa rally ulipoanzishwa, Mehta akashinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kufungana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun. Mehta alizaliwa Uganda. Kwa vijana wa ukanda huu hilo lilikuwa na uzito wake: mtu wa kwetu, kwenye matope ya kwetu, ndani ya gari lililoshuka melini kama Datsun nyingine zozote zilizokuwa zikibeba mwalimu na daktari.

Na gari lilistahili kutamaniwa. Injini ya L24 ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU wa Kiingereza, na gari zima lina uzito wa kupita kilo elfu moja kidogo tu. Mbele lina breki za disiki, nyuma za ngoma. Magurudumu yote manne yanajitegemea kupanda na kushuka. Kwa mwaka 1972 hayo hayakuwa mambo ya kawaida kwa bei yake.

Njia za kulipata zilikuwa tatu. Ya kuagiza Japani ilikufa siku ya kwanza ya hesabu: gari la zaidi ya miaka kumi hulipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, nyongeza ya uchakavu, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote. Ongeza kwamba bei ya 240Z huko nje imepanda sana, na kodi inafuata bei. Njia ya kununua Mombasa na kulipitisha mpaka wa Horohoro ina hesabu zake za forodha pia, na lililopatikana huko lilikuwa limekwisha kuwekewa injini ya gari jingine. Likabaki la Ngamiani.

Tulianza na karatasi kabla ya kunyanyua bonneti, na hapa ningependa msomaji asimame nami kidogo. Jina kwenye kadi ya gari lilikuwa la marehemu. Aliyekuwa anauza ni mtoto wake wa pili, na wapo ndugu wengine watatu, mmoja yuko Uingereza. Kwa moyo mweupe kabisa kijana alikuwa tayari kupokea fedha na kukabidhi ufunguo siku hiyo hiyo. Nahodha akakataa. Gari la marehemu ni mali ya mirathi, na anayeweza kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia ikakaa kikao, muhtasari ukaandikwa, wakaenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, muda wa pingamizi ukapita, dada mkubwa akateuliwa. Miezi ilikatika. Nahodha alikuwa akipita mtaa ule jioni akiangalia tu kama mlango wa ghala bado umefungwa.

Kungoja kule ndiko kulikoliokoa gari. Ndugu wa Uingereza alipopata habari baadaye alipiga simu kuuliza nani ameuza na kwa idhini ipi, akatumiwa nakala za mahakama na mkataba uliosainiwa mbele ya wakili, na mazungumzo yakaishia hapo. Bila hizo nakala, Nahodha angekuwa na gari lililokwisha kuingizwa mamilioni ambalo mwenyewe hawezi kulithibitisha kuwa lake.

Karatasi ina upande wa chuma pia. Kwenye 240Z za usukani kulia zilizouzwa nje ya Japani, namba ya chesi huanza na HS30, nayo imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Tulisugua kutu pale kwa brashi ya waya laini, tukapaka chaki, namba ikatokea. Ililingana na kadi. Namba ya injini, inayoanza na L24, imegongwa pembeni mwa bloku, nayo ililingana. Kama zingetofautiana ningemshauri aondoke, hata kama gari lingekuwa zima kama jipya, maana kusajili upya gari la namba za zamani kunapitia TRA, yaani mamlaka ya mapato, na wakaguzi wa magari wa polisi, na macho yao yataanzia palepale.

Baada ya hapo ndipo tukalikagua gari lenyewe.

Kwa macho lilikuwa zuri kuliko nilivyotegemea. Milango ilifunga. Vioo vyote vilikuwepo. Kwa mbali ungesema linahitaji rangi tu. Nikaomba ruhusa ya dada mkubwa, tukang'oa zulia upande wa abiria. Chini yake kulikuwa na lami ile ya kiwandani ya kuzuia kelele, imepasuka vipande vipande, na kila nilipoinua kipande kiliinuka na bati. Nikachukua bisibisi nikagusa sakafu karibu na mguu wa abiria. Ilizama bila kusukumwa. Kijana aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili, uvunguni, akasema, "Mwalimu, naiona bisibisi yako."

Gari hili lina sehemu zake za kuoza zinazojulikana duniani kote: chini ya betri, kwa sababu ya asidi, sakafu na reli mbili zinazopita chini yake, vizingiti vya milango, nyuma ya mlango mbele ya tairi la nyuma, sehemu za chini za mbawa za mbele, na kule nyuma chini ya taa, ambako maji yaliyopenya mpira wa buti hutuama. Tanga inaongeza jambo moja. Hewa yetu ina chumvi, na ghala lile lina tundu za hewa zinazotazama upande wa bahari. Gari lililokaa miaka ishirini Dodoma na lililokaa miaka ishirini Ngamiani si gari moja, hata kama yametoka kiwandani siku moja. Sehemu zote nilizozitaja zilikuwa zimeoza. Vilivyopona ni vikombe vinavyoshika shokapu za mbele. Hivyo vilikuwa vizima, na ni habari njema, kwa sababu uzito wote wa mbele unabebwa pale.

Injini tuliishughulikia kidogo tu siku ile. Tulitoa plagi, tukamwagia mafuta kidogo kila silinda, tukaiacha hadi kesho yake, kisha tukazungusha krenki taratibu kwa spana ndefu. Ikazunguka. Haikuhitajika zaidi ya hapo ili kujua bei.

Bei ilikuwa na mambo yake. Familia ilikuwa imeangalia kwenye simu na kuona 240Z zinavyouzwa minadani Marekani, wakataja shilingi milioni 40. Sikuwalaumu, picha zile ni za kweli na bei zile ni za kweli. Lakini lile la mnadani ni gari lililokwisha kufanyiwa kazi yote, na hili ni gari linalosubiri kazi yote. Nahodha hakubishana. Alimwomba dada mkubwa ainame aone sakafu mwenyewe, kisha akamwonyesha makisio ya fundi bodi, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wa fundi. Wakafikia milioni 14. Naiona ni bei ya haki kwa pande zote mbili, na nililipenda hilo kuliko punguzo lenyewe: muuzaji alijua anauza nini.

Kisha ukaja ubishi mkubwa wa kisa hiki, nao ulihusu kianze kipi.

Fundi injini alitaka aanze yeye. Hoja yake ni ya kibinadamu: gari likinguruma, mwenye mali anapata moyo wa kuendelea kutoa. Nimeona magari mengi yakifuata hoja hiyo. Injini inafunguliwa, inafungwa vizuri, inawashwa, watoto wa mtaa wanashangilia, halafu linapelekwa kwa fundi bodi na kukaa huko miaka miwili, injini mpya ikinywa unyevu, kabureta zikiganda, betri ikifa. Na 240Z haina chesi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesi. Reli zikioza, injini nzima yenye nguvu inavuta kitu ambacho hakina mgongo. Kwa gari la kuendesha, chuma kinatangulia, sehemu za chini zinafuata, kisha injini, na rangi inakuja mwisho. Nahodha aliniunga mkono, ingawa niliona ilivyomuuma kulitazama likiondoka kwake likiwa bubu.

Gereji ya kwanza ilitupotezea wakati. Tuliporudi kukagua tukakuta sakafu imefunikwa kwa bati jembamba juu ya bati bovu, kingo zimejazwa puti, na juu yake rangi nyeusi ya lami. Ilipendeza. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi, ikatoa sauti ya kadibodi. Kutu iliyofungiwa katikati ya bati mbili haifi. Inapata kivuli na unyevu na kuendelea na kazi. Nahodha alilipa kilichokuwa kimefanyika, akalibeba gari kwa lori, hakuinua sauti.

Fundi wa pili, yule aliyelimaliza, yuko Chumbageni, na nataka kueleza alivyofanya kwa sababu ndiyo moyo wa kazi nzima. Kabla ya kukata chochote alichomelea vyuma vya pembe ndani ya nafasi za milango, kuanzia nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili bodi isilegee wakati sakafu haipo. Akapima mapengo ya milango na kuyaandika kwa chaki kwenye ukuta wa gereji. Akakata upande mmoja kwanza. Alikata hadi kwenye chuma cheupe, akarudi nyuma vidole viwili zaidi, kwa kuwa chuma kilicho jirani na kutu huwa kimekwisha kuwa chembamba hata kama kinang'aa. Sakafu mpya aliikunja mwenyewe kwa bati la geji 18, na mifereji yake ya kuipa ugumu akaigonga kwa nyundo juu ya kipande cha reli ya treni. Reli za chini akazitengeneza kwa chuma kinene kidogo. Alichomelea kwa mashine ya waya, nukta moja hapa, nukta moja kule mbali, akiacha chuma kipoe, kwa sababu bati likipata joto la mfululizo linajikunja na halirudi.

Na kabla ya praima alifanya jambo ambalo sijaliona gereji nyingi za pwani wakilifanya. Aliosha chuma chote kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, mara kadhaa, akakikausha kwa upepo wa kompresa saa ile ile, akakipaka praima yenye zinki kabla jua halijazama. Chumvi ya hewani ikibaki chini ya praima huchora ramani ya kutu ndani ya mwaka. Mashimo ya ndani ya vizingiti na reli yalipuliziwa nta ya moto kwa bomba refu baada ya rangi kukauka. Mapengo ya milango yalipopimwa tena yalilingana na yale ya ukutani.

Kwenye sehemu za chini, ugomvi ulikuwa wa pini mbili. Nyuma ya 240Z, taya ya chini imeunganishwa na mguu wa shokapu kwa pini ndefu ya chuma inayopita ndani ya chuma cha kusubu, nayo inafungwa katikati kwa kipini kidogo chenye upande uliochongoka. Miaka ikipita, pini na chuma kile hushikana kwa kutu. Kila anayelijua gari hili anaijua pini hiyo. Ukiigonga kwa nyundo unaharibu uzi na kichwa kinatanuka, basi haitoki tena kabisa. Tulizilowesha kwa mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na thina, tukawa tunaongeza asubuhi na jioni. Ya kushoto ilikubali kwenye presi, ikatoka kwa mlio kama wa risasi uliowafanya vijana wote wainame. Ya kulia ilikataa. Tukaikata pande zote mbili kwa msumeno, katikati ya bushi na chuma, kisha kipande kilichobaki ndani kikatobolewa kwenye karakana ya kuchonga vyuma, kwa kuchimba kidogo kidogo hadi ganda likaporomoka. Tundu lilibaki zima. Pini mpya ziliagizwa Japani pamoja na bushi, nazo tukazipaka grisi nyingi kabla ya kuzirudisha.

Breki tulizifumua zote bila kuacha kitu: mabomba mapya, mipira mipya, bastola za kaliba, silinda kuu. Matairi yalileta mjadala. Saizi ya kiwandani ni 175 ya rimu 14, na Tanga kinachopatikana kirahisi kwa rimu hiyo ni tairi la gari dogo la mizigo, gumu, lenye mikanda mingi. Linaingia vizuri kabisa, na wauzaji watakuhakikishia. Lakini tairi lile limetengenezwa kubeba tani ya saruji. Chini ya gari jepesi la spoti halikandamizi lami vya kutosha, na kwenye mvua litateleza. Zikaagizwa 195/70 za gari dogo kutoka Dar es Salaam.

Injini nayo ilitupa faraja. L24 ina kipenyo cha silinda cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, ambavyo ndivyo hasa vya L16 ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun 1600 na 160J. Kwa maneno mengine, L24 ni L16 iliyoongezwa silinda mbili. Mzee mmoja muuza spea alikuwa na ringi za L16 kwenye maboksi yake ya zamani. Seti moja ni ya pistoni nne, kwa hiyo tulinunua mbili, tukapima unene wa kila ringi dhidi ya mfereji wa pistoni kabla ya kufungua mfuko wa pili, na ringi za pistoni mbili zikabaki akiba. Silinda zilikuwa hazijachakaa kiasi cha kupanuliwa. Mwanya wa valvu tuliuseti injini ikiwa ya moto, milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea. Hedi ni ya alumini yenye viti vya valvu vilivyopachikwa, hivyo petroli ya leo isiyo na madini ya risasi haiisumbui.

Kabureta zilimtisha fundi injini hadi alipozifungua. Ni vyombo rahisi: bastola inayopanda na kushuka kwa upepo, sindano, chemba ya mafuta. Ukizisafisha, ukamwaga mafuta mepesi kwenye shina la katikati, ukazilinganisha upepo zote mbili, zinakaa. Shida ya kweli ilikuja baada ya gari kuanza kutembea. Lilikuwa likienda vizuri hadi Nahodha asimame dukani dakika kumi. Akirudi, haliwaki, au linawaka na kukohoa. Kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosi. Injini ikizimwa, upepo wa feni unakata, joto linapanda, petroli iliyomo inachemka na kuwa mvuke. Kwenye nchi za baridi ni usumbufu mdogo. Kwetu, saa nane mchana, ni gari la kusukumwa. Tulifanya mambo manne: kinga ya bati kati ya ekzosi na kabureta, vitenganishi vipya vya kuzuia joto, paipu za petroli kuhamishwa mbali na hedi, na termostati (valvu ya maji ya kupozea injini) ya nchi za joto inayofunguka nyuzi 76.5 badala ya 82. Rejeta ilifumuliwa na kusafishwa. Tangu hapo anazima na kuwasha atakavyo.

Jambo moja la usalama nalisisitiza kwa yeyote mwenye gari la mgongo mteremko kama hili. Likienda kasi, hewa nyuma yake inavuta kuelekea ndani, na moshi wa ekzosi unapenya kwenye mipira ya buti na ya taa za nyuma iliyokauka. Nahodha alianza kulalamika kichwa kumuuma akitoka Muheza. Usiku tukawasha taa kali ndani ya gari, tukazima za gereji, tukalizunguka. Mwanga ulitoka kama nyuzi kwenye pembe mbili za buti na chini ya taa ya kulia. Mipira yote ya nyuma ikabadilishwa. Moshi ule unaua, na hautangulizi harufu kila mara.

Hesabu yote imefikia takriban milioni 50. Kununua 14. Mirathi, wakili na usajili moja. Bodi na rangi 17, ikiwemo ile iliyopotea gereji ya kwanza. Breki, matairi na sehemu za chini nane. Injini, rejeta na klachi sita. Viti, mipira na umeme nne. Ukitoa bei ya kununua, karibu nusu ya fedha imekwenda kwenye bati, na injini ambayo kila mtu huiulizia imechukua kama moja ya sita. Nahodha alikuwa akilipa kwa hatua, hakuanza hatua mpya kabla ya kuwa na fedha ya kuimaliza, na kiinua mgongo chake hakukigusa. Mke wake alishika daftari la matumizi. Nilimsikia mara moja akimwambia fundi, "Mwanangu, niandikie na risiti ya msasa," naye akaandikiwa.

Dashibodi imepasuka na imeachwa hivyo. Rangi ni ya chungwa karibu na ile ya kiwandani, ina chembe mbili tatu za vumbi ukiitazama juani, na Nahodha hakukubali irudiwe. Milioni nyingine mbili za rangi zingefanya aogope kuegesha sokoni.

Jumamosi asubuhi analitoa kwenda Muheza, kama kilomita 35, ananunua machungwa, anarudi kabla jua halijakaza. Nilipanda naye. Baada ya Pongwe barabara inafunguka, mkonge pande zote mbili, akaiachia gia ya tatu hadi injini ikabadilisha sauti, ile sauti ya silinda sita inayolainika kadiri inavyopanda. Hakusema kitu. Mikono yake ilikuwa imetulia usukanini, na kwenye kona ya kushuka gari lilikata moja kwa moja bila kuyumba. Niliisikiliza sakafu chini ya miguu yangu, kimya kabisa.

Kilichobaki ni gia ya pili, inayokwaruza asubuhi kabla mafuta hayajapata joto. Ringi za shaba za giaboksi, zinazolainisha kuingia kwa gia, zimekwisha kuagizwa, na giaboksi itashushwa wakati wa masika, kipindi ambacho gari halitoki kwa sababu ya maji ya barabarani. Hadi hapo Nahodha anakanyaga klachi mara mbili anapoishusha kutoka ya tatu, na anasema tagi zake za zamani zilikuwa na tabia mbaya zaidi.